Anwani, namba, kitambulisho, benki, BankID: mwongozo kamili kwa anayeanza maisha Uswidi

Basi la Stockholm halipokei noti. Mgahawa unaweza kuwa na kibao mlangoni kimeandikwa "kontantfritt", yaani hapa pesa taslimu haipiti. Nafasi ya mtoto chekechea, majibu ya vipimo vya hospitali, mkataba wa nyumba, taarifa ya kodi: karibu vyote hufunguliwa kwa programu moja ya simu iitwayo BankID. BankID hutolewa na benki. Benki inataka kitambulisho, kitambulisho kinataka namba, na namba inataka anwani.

Wageni wengi hukwama kwa sababu wanaanzia benki, maana ndiko haja yao iliko: mshahara unakaribia, kodi ya nyumba inadaiwa. Wanarudishwa, wanakwenda benki ya pili, wanarudishwa tena, mwisho wanaamini kwamba Waswidi hawataki wageni. Kwa mgeni wa kawaida benki ni hatua ya nne. Ukifuata mpangilio huu wa hatua, utajiokolea safari nyingi za bure, na kwa asiyeweza kusubiri ipo njia ya pembeni nitakayoieleza tukifika huko.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Kagua majina yako. Pasipoti ikisema Mohamed, cheti cha kuzaliwa kikisema Muhammad na cheti cha ndoa Mohammed, ofisa wa Uswidi hatajua kwamba kwetu hayo ni jina moja. Kwake ni watu watatu. Rekebisha ukiwa bado karibu na ofisi zilizotoa vyeti hivyo, au angalau uwe na hati ya kiapo inayoeleza kwamba mwenye majina hayo ni mtu mmoja. Angalia pia jina lipi limewekwa kama la ukoo kwenye pasipoti. Kwa wengi wetu ni jina la babu, na hilo ndilo Uswidi itakaloliandika kuwa jina la familia. Kama mkeo na watoto wanabeba majina mengine, kama ilivyo kawaida yetu, hakuna tatizo, ila utaulizwa. Vyeti ndivyo vitakavyojibu.

Beba vyeti halisi vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, visiwe nakala. Kilichoandikwa kwa Kiswahili peke yake kitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Na uviweke kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku likipotea uwanja wa ndege utanunua nguo nyingine, lakini cheti cha ndoa kitamrudisha mtu Dar es Salaam au Bujumbura kupanga foleni.

Anwani ambayo ni ya kweli

Kila kitu kitakuja kwa barua: namba yako, miadi, kadi ya benki, namba ya siri. Posta ya Uswidi hupeleka barua penye jina. Ukiishi kwa mtu na jina lako halipo kwenye mlango au kisanduku cha barua, barua inaweza kurudishwa ilikotoka na wewe ukaendelea kusubiri. Bandika jina lako siku unayofika, hata kwa karatasi na gundi. Kama mwenyeji ndiye mwenye jina la nyumba, tumia "c/o" kisha jina lake kwenye anwani yako.

Wapo wapangishaji, wakiwemo wenzetu, wanaosema: lala hapa ulipe, lakini usijiandikishe hapa. Mara nyingi ni kwa sababu wao wenyewe wamepanga na hawana ruhusa ya kupangisha tena. Chumba cha namna hiyo ni cha gharama hata kikiwa rahisi, kwa sababu kinakufungia mlango wa kwanza kabisa. Na usinunue anwani. Wauzaji wapo, lakini tangu Julai 2018 kujiandikisha kwa makusudi mahali usipoishi ni kosa la jinai, na mamlaka inaweza kufika nyumbani kukagua.

Namba: personnummer

Ofisi inayohusika ni Skatteverket, mamlaka ya kodi. Wageni hushangaa, lakini Uswidi daftari la wakazi hutunzwa na watu wa kodi, kazi iliyokuwa ya makanisa hadi mwaka 1991. Kujiandikisha humo huitwa folkbokföring, na atakayeandikishwa ndiye apewaye personnummer.

Sharti kubwa ni kwamba unakusudia kuishi Uswidi mwaka mmoja au zaidi na una haki ya kufanya hivyo. Kwa mtu wa kwetu, haki hiyo ni kibali cha ukaazi. Mwanafunzi aliyekuja kwa muhula mmoja, au mfanyakazi mwenye kibali cha miezi sita, kwa kawaida hapati. Taarifa ya kuhamia huanzishwa mtandaoni kwenye tovuti ya Skatteverket, kisha unakwenda mwenyewe kwenye ofisi ya huduma, servicekontor, ukiwa na pasipoti, kadi ya kibali na vyeti vyako. Kama ni familia, nendeni wote, hata mtoto wa mgongoni. Kubaliana na hilo mapema na mwenye zamu kazini.

Subira hapa ni wiki kadhaa, na faili lenye utata huchukua miezi. Namba inaanza na tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa 14 Machi 1992 atakuwa na 920314, kisha kistari na tarakimu nne. Katika hizo nne, ya tatu ni shufwa kwa mwanamke na witiri kwa mwanamume, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu, hivyo ukikosea kuandika tarakimu moja mfumo utakataa papo hapo. Kuna jambo linalowagusa hasa ndugu waliopitia kambi za wakimbizi na kuandikiwa 1 Januari kwa kuwa siku halisi haikujulikana. Namba za tarehe kama hiyo huweza kuisha, na Skatteverket ikatoa namba yenye siku ya jirani. Ukiona namba yako imetofautiana kidogo na pasipoti usidhani ni hila, ila tunza barua inayoeleza, kwa sababu kila dawati litakuuliza.

Asiyefikia sharti la mwaka mmoja anaweza kupata samordningsnummer, namba ya uratibu. Ina umbo lilelile, isipokuwa siku ya kuzaliwa huongezwa 60. Yule wa tarehe 14 atasomeka 74. Namba hii inakutosha kulipa kodi na kupokea mshahara kihalali, lakini haikufanyi mkazi, na BankID haitolewi kwayo. Kuna wanaoishi nayo miaka wakidhani ni personnummer. Tazama tarakimu ya tano na ya sita: zikizidi 60, basi ni ya uratibu.

Kitambulisho

Kadi ya kibali cha ukaazi ina picha yako, alama za vidole na nembo ya nchi, lakini si kitambulisho. LMA-kort ya mwombaji hifadhi pia si kitambulisho. Jambo hili huwaudhi watu kuliko yote, na nawaelewa, lakini kubishana dirishani hakujawahi kulibadilisha.

Ukishaandikishwa, weka miadi Skatteverket kwa ajili ya ID-kort. Kuna ada, na hulipwa kabla ya miadi. Kwa kuwa huna akaunti bado, mwenyeji anaweza kukulipia. Siku ya miadi watakupiga picha, watachukua saini na watakupima urefu, maana urefu huandikwa kwenye kadi. Saini hiyohiyo ndiyo utakayoweka benki, kwa hiyo usiibuni siku hiyo. Kadi hudumu miaka mitano.

Swali gumu siku hiyo ni: utathibitishaje kwamba wewe ndiwe wewe, ikiwa huna kitambulisho cha Uswidi? Njia ya kawaida ni kwenda na mtu wa kukutolea ushahidi, intygsgivare, ambaye mwenyewe ana kitambulisho kinachokubalika. Huwezi kumchukua jirani yeyote. Anatakiwa awe mume au mke, mzazi, ndugu wa damu, mtoto aliyetimiza miaka 18, au mtu aliyekufahamu kikazi, kama mwajiri wako wa zaidi ya mwaka. Binamu mnayeitana kaka hahesabiki, hata kama mmelelewa nyumba moja. Kama huna mtu wa aina hiyo, sema wazi wakati wa kuomba. Skatteverket inaweza kulinganisha pasipoti yako na taarifa ulizotoa Migrationsverket, idara ya uhamiaji, ulipoomba kibali. Ndiyo sababu ya kuhakikisha kwamba pasipoti unayokwenda nayo ni ileile uliyoombea kibali. Ukiwa umeibadilisha, beba zote mbili.

Benki

Sasa benki. Swedbank, SEB, Nordea na Handelsbanken ndizo kubwa, na zipo nyingine kama Länsförsäkringar na ICA Banken. Tofauti zake kwa mtu anayeanza ni ndogo kuliko wanavyosema wenyeji. Chagua yenye tawi unaloweza kulifikia, kwa sababu mwanzoni utahitaji kukaa mbele ya mtu. Weka miadi. Beba kitambulisho kipya, pasipoti, kadi ya kibali, mkataba wa kazi au barua ya chuo, na barua ya Skatteverket yenye namba na anwani.

Utaulizwa maswali ambayo kwetu yangeonekana utovu wa adabu: mshahara wako ni kiasi gani, pesa zitatoka wapi, utatuma nje, nchi gani, kwa nani, mara ngapi. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha ya mwaka 2017 inailazimisha benki kuuliza. Jibu kama lilivyo. "Nitamtumia mama Kigoma krona 1,000 kila mwezi za matumizi, na ada ya shule ya mdogo wangu mara mbili kwa mwaka" ni jibu zuri kabisa. Jibu baya ni "situmi popote", kisha mwezi wa pili pesa zikaanza kwenda Bukavu. Watakachohoji hapo ni ule uongo, kabla hata ya kuuliza habari za Bukavu.

Na kama huna personnummer, au kitambulisho kinachelewa na mwajiri anataka akaunti ijumaa hii? Hapa ndipo ile njia ya pembeni. Tangu Juni 2017 sheria ya Uswidi ya huduma za malipo, kwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya, inampa kila anayeishi kihalali ndani ya eneo la Ulaya haki ya akaunti ya msingi. Mwombaji hifadhi amo, mwanafunzi wa muhula mmoja amo. Usiseme dirishani kwamba unataka akaunti. Tamka jina lake la kisheria, hata kwa kulisoma kwenye karatasi: betalkonto med grundläggande funktioner. Akaunti hiyo hupokea mshahara, hulipa bili, hutoa pesa na huja na kadi. Benki haiwezi kukukataa kwa sababu tu huna personnummer au huna kazi. Inaweza kukukataa kwa sababu za utakatishaji fedha, kwa mfano ikishindwa kabisa kujua wewe ni nani. Ndiyo maana pasipoti yako ina uzito.

Wafanyakazi wengi wa matawini hawaijui haki hii vizuri, au wanaijua na hawapendi kazi yake. Kwa hiyo fanya hivi. Omba kwa maandishi na ubaki na nakala. Benki ina siku 10 za kazi za kufungua akaunti au kukataa tangu ipate maombi kamili. Ikikataa, iombe sababu kwa maandishi, kwa sababu "haiwezekani" ya mdomo huna pa kuipeleka. Ukiwa na barua ya kukataliwa, mwandikie kwanza klagomålsansvarig, ofisa wa malalamiko wa benki hiyohiyo. Mara nyingi mambo huishia hapo, tena vizuri. Yasipoisha, ushauri wa bure upo Konsumenternas Bank- och finansbyrå, na shauri lenyewe hupelekwa ARN, bodi ya malalamiko ya walaji. Hapo subira ni ya miezi, kwa hiyo huku ukisubiri jaribu benki nyingine.

Kadi za Wise au Revolut zinakufaa kununulia chakula wakati wa kungoja, na wengi huzitumia. Lakini hazikupi BankID, hivyo zisikufanye uahirishe benki yenyewe.

Wanandoa: kila mmoja awe na akaunti yake. Nalisema hili kwa sababu bado nakutana na nyumba ambamo akaunti ni ya baba peke yake. Posho ya mtoto, barnbidrag, krona 1,250 kwa mtoto kwa mwezi, kwa kawaida Försäkringskassan, mamlaka ya bima ya jamii, huigawa nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mama asipokuwa na akaunti nusu yake inaning'inia. Tena mama asiye na akaunti hana BankID, na asiye na BankID hupata shida hata kuweka miadi yake ya kliniki kwenye 1177, tovuti ya huduma za afya, bila mumewe kushika simu.

BankID na Swish

Omba BankID siku ileile unayofungua akaunti, usiseme utarudi. Masharti ni personnummer, kitambulisho kinachokubaliwa na benki hiyo, na simu janja. Kwa mtu wa kawaida haina gharama. Unapakua programu, benki inakuunganisha, unachagua namba ya siri. Usichague mwaka wa kuzaliwa, kwani umeandikwa kwenye kila fomu yako. Akaunti ya msingi iliyofunguliwa bila personnummer haitaleta BankID, ila namba ikitoka rudi benki uiombe.

Baada ya hapo Swish ni dakika chache. Aliyekulia na M-Pesa hatahitaji mafunzo: namba ya simu, kiasi, thibitisha. Tofauti ni kwamba Swish haina pochi yake wala wakala kibandani. Pesa hutoka kwenye akaunti ya benki na kuingia kwenye akaunti ya benki papo hapo, na imefungwa kwenye laini yako ya simu. Laini hiyo iwe ya jina lako na uitunze. Tangu Agosti 2022 hata laini za malipo ya kabla lazima zisajiliwe. Na Swish haivuki mpaka: kutuma nyumbani utatumia kampuni za kutuma fedha, zinazoingiza moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji.

Kuna pia Freja, kitambulisho cha kidijitali kisichotegemea benki. Kiwango chake cha Freja+ kinafungua mamlaka nyingi za serikali, kwa hiyo aliye na namba na ID-kort lakini anazungushwa na benki anaweza kuanza nacho. Swish itaendelea kudai BankID.

BankID haiazimwi

Kwetu si ajabu mtoto kujua namba ya siri ya M-Pesa ya mama yake, au shangazi kumpa kijana simu amtolee pesa. Desturi hiyo iachwe uwanja wa ndege. BankID ni saini yako. Aliye nayo anaweza kukopa kwa jina lako usiku mmoja katika kampuni kadhaa, na deni lisipolipwa hupelekwa Kronofogden, mamlaka ya kukusanya madeni. Ukiandikwa huko, kupata nyumba au hata mkataba wa simu kunakuwa kazi ngumu kwa miaka. Kusema "nilimpa ndugu yangu" hakukuokoi, kunathibitisha kwamba uliigawa.

Matapeli hupiga simu wakijifanya benki, polisi au Skatteverket, siku hizi hata kwa Kiswahili au Kilingala. Wana jina lako, namba yako na anwani, kwa sababu Uswidi taarifa hizo ni za wazi kwa yeyote. Kujua personnummer yako hakumfanyi mtu kuwa benki. Watakwambia kuna wizi kwenye akaunti, fungua BankID uuzuie. Benki haipigi simu kukuomba ufungue BankID wala usome msimbo wa QR. Kata simu, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi. Na kabla ya kuweka namba ya siri soma maandishi yaliyo kwenye skrini: kuingia ni jambo moja na kusaini ni jingine. Kama hujui Kiswidi, badili lugha ya programu iwe Kiingereza.

Utapeli mwingine huja kwa sura ya ndugu. Kijana unayemfahamu msikitini au kanisani anaomba krona 20,000 zipite kwenye akaunti yako, utoe, ubaki na 2,000. Kwa sheria ya Uswidi huo ni utakatishaji fedha, na kifungo kipo. Hata pasipo kesi, benki inaweza kufunga akaunti na kukuandika kwenye kumbukumbu zake, halafu utajikuta unaanza upya na rekodi mbaya. Ukimkatalia atanuna, mwache anune.

Mambo ya kufuatilia

Ukishaweza kuingia kwa BankID, fanya mambo matatu jioni moja: sajili akaunti yako kwa ajili ya marejesho ya kodi kupitia rejista ya akaunti ya Swedbank (hata kama benki yako ni nyingine), peleka namba ya akaunti Försäkringskassan, na fungua sanduku la barua la kidijitali kama Kivra. Ukilifungua, barua za serikali na nyingi za bili zitaingia humo na si mlangoni tena. Lizoee kulifungua kila wiki, kwa sababu bili isiyosomwa huzaa faini na kisha Kronofogden.

Kabla ya kuuza au kubadili simu, hamishia BankID kwenye simu mpya wakati ya zamani bado inawaka. Simu ikiibwa, pigia benki kwanza wafunge BankID, kisha kampuni ya simu, kisha polisi.

Kila baada ya muda benki itakuletea yale maswali ya mwanzo tena, huitwa kundkännedom, ndani ya programu ya benki. Yanaonekana kama tangazo na watu huyapuuza. Benki isipopata majibu huzuia akaunti, na mara nyingi mtu hugundua akiwa kwenye mashine ya kulipia dukani. Kibali kikihuishwa au pasipoti ikibadilika, usingoje kuulizwa: peleka nakala benki na Skatteverket. Anza kuomba kibali kipya kabla cha zamani hakijaisha, na utunze risiti ya maombi, kwa sababu ndiyo utakayoionyesha benki ikikuuliza unaishi Uswidi kwa haki ipi wakati kadi mpya haijatoka.